Kisu cha Kukatia Sukuma

Kisu cha kwanza alichotengeneza mume wangu hakikuweza kukata ugali. Sitii chumvi. Ugali wa moto, ambao hata mtoto asiye na meno anaumega, ulikishinda. Uling'ang'ania ubapa ule mnene ukakataa kuachia, na mume wangu akabaki amekiinua kisu juu, nusu ya ugali ikining'inia mbele ya watoto. Akasema bado hajakitia makali sawasawa. Nikamwambia hata shoka lina makali, na hatulileti mezani.

Tuliishi mtaa wa Mowlem, vyumba viwili na kiwanja kidogo cha nyuma kilichotosha pipa la maji, kamba ya nguo na mtu mmoja aliyechuchumaa. Huyo mtu alikuwa yeye. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, Mkamba mpole mwenye mwandiko mzuri na kalamu mbili mfukoni hata siku ya Jumapili. Mimi nimetoka upande wa magharibi, ambako mtu akipika vibaya anaambiwa, akivaa vibaya anaambiwa, na akifa na tabia mbaya anaambiwa vilevile kaburini. Nilikuwa na kibanda cha mboga pale njia ya estate inapotokea barabarani. Miaka ile ya tisini kila mwanamume wa mtaani aliyekuwa na mshahara alikuwa na kitu chake cha kumpotezea akili. Wengine pombe, wengine siasa za vyama vingi, wengine wake za watu. Wangu alipatwa na visu. Wanawake wa chama chetu cha akiba waliniambia nipige magoti nimshukuru Mungu, nami nikamshukuru kwa wiki mbili hivi.

Ilianzia kiwandani kwao, ambako walikuwa wakipasua mbao za kutengenezea makreti. Msumeno wa mviringo ukiisha meno ulitupwa nyuma ya stoo, ukakaa hapo mpaka wanunuzi wa vyuma vikuukuu wapite. Siku moja mume wangu aliokota mmoja, mpana kama sinia la pilau, akaufunga kwenye gunia, akatembea nao kwa miguu, akakatiza Mukuru kwa Njenga hadi nyumbani. Aliingia jasho likimtoka, na uso wa mtu aliyeokoka siku hiyohiyo.

"Mama watoto," akaniambia, "unajua hiki ni chuma cha aina gani?"

"Ni chuma kilichotupwa," nikasema.

Aliupeleka kwa mafundi wa kuchomelea, wakamkatia vipande kwa grainda kufuata mistari aliyoichora kwa chaki. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe kwa mkono. Kila Jumamosi mchana, na kila Jumapili baada ya kanisa, alikaa nyuma ya nyumba juu ya mtungi wa plastiki uliolazwa, kipande kimebanwa kwenye jiliwa, tupa mkononi, akisugua. Kama hujawahi kuishi na sauti ya tupa juu ya chuma cha msumeno, mshukuru Mungu wako. Inaingia kwenye jino. Jirani wa kushoto aliongeza sauti ya redio, jirani wa kulia akaongeza sauti ya maombi, na mume wangu katikati hamsikii yeyote. Ukimwita kula anasema "nakuja", na ukija kumwangalia baada ya nusu saa unamkuta amelishika lile pande la chuma karibu na jicho kama anayesoma barua ya mkopo.

Mwanzoni hakujua hata anachokifanya. Alikuwa amesoma mahali kwamba kisu lazima kitiwe motoni kiwe chekundu, kisha kizamishwe kwenye mafuta. Basi akachukua jiko langu, akalijaza makaa yangu, akapepea mpaka chuma kikaiva kama pilipili, halafu akakitumbukiza kwenye sufuria ya mafuta yangu ya kupikia. Moto ulipanda ukailamba kamba ya nguo. Sweta ya shule ya binti yetu ilibaki na mkono mmoja. Kisu chenyewe, kilipomponyoka kikaanguka kwenye saruji, kilivunjika vipande viwili kama kigae. Wiki nzima chapati zangu zilikuwa na ladha ya karakana. Ndipo fundi mmoja wa kuchomelea alipomwambia, huku akicheka, kwamba chuma cha msumeno kimeshakomazwa huko kilikotoka, hakihitaji moto wa mtu yeyote. Kinataka kusuguliwa kikiwa baridi, na kikianza kupata joto kichovywe majini. Mwanamume mzima, mwenye cheti kwenye fremu ukutani, alihitaji kuchoma nguo za mtoto ili aambiwe hayo.

Baada ya hapo vikaanza kutoka visu kweli, na dharau yangu ikapata chakula. Vilikuwa vya kupendeza macho, siwezi kusema uongo. Mipini aliitengeneza kwa vipande vya mpingo alivyopewa na binamu yake, mchonga vinyago wa upande wa Majengo. Akaipigilia kwa vipande vya shaba, akaipiga msasa, akaipaka vanishi mpaka ukaweza kujiona pua. Lakini vilikuwa visu vya nani? Vinene mgongoni, ncha imepindwa juu, vizito, visu vya mtu anayekwenda kuchuna nyati. Mowlem hakuna nyati. Mowlem kuna sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na mwisho wa mwezi nusu kilo ya nyama ambayo mwenye bucha ameshaikatakata. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na aligawa bure. Watu walimwambia auze, naye akajibu, "Nikiuza itakuwa kazi," kwa sauti ya bwana mwenye mashamba. Mchungaji alipata chake, akakisifu mbele ya kanisa zima, kisha akakifungia kwenye kabati la vioo kando ya vikombe vya harusi. Mzee wa mtaa alipata chake, akawa anajikunia mgongo. Kaka yangu alikuja kututembelea kutoka nyumbani, akapewa kimoja chenye urefu wa mkono, akaniuliza pembeni kama mume wangu ana adui. Halafu kukawa na harusi ya kijana wa kwaya, na kamati ikaamua keki ikatwe kwa kisu cha mume wangu, kwa heshima yake. Maharusi walikishika wote wawili, wakakikandamiza, na keki ikashuka taratibu ikawa bapa kama mto uliokaliwa. Watu wakapiga vigelegele. Wakamshika mkono mume wangu mmoja mmoja, wakimwambia, "Kazi safi, mzee!" Mtaa wetu ulijaa watu wa namna hiyo, mdomo unasifu huku jicho linatafuta mahali pa kutupa ulichowapa. Niliwadharau kuliko nilivyomdharau yeye. Mimi angalau nilimwambia ukweli usoni, na jambo hilo nililionea fahari kubwa.

Lakini sifa zao hakuzitaka. Alitaka yangu. Hili nililijua tangu kisu cha kwanza, na sitajifanya leo kwamba sikulijua. Kila alipomaliza kimoja alikileta kwanza jikoni, akakiweka kando ya ubao wangu, kisha akajifanya anatafuta kiberiti. Alitaka nikichukue, nikate nacho kitu, niseme kinakata. Neno moja tu. Mimi nilikuwa nikikisukuma kando kwa kiwiko na kuendelea na changu. Naye akishapata kiberiti ambacho hakukihitaji, anarudi nyuma ya nyumba.

Kisu changu nilikinunua soko la Gikomba kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake chini. Kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea hadi kikabaki chembamba, na mpini wake nilikuwa nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Niseme jambo hapa kwa asiyejua kazi yetu. Sukuma ya kuuza jioni haikatwi juu ya ubao. Unakunja majani kumi au kumi na matano pamoja, unayabana kwenye ngumi ya mkono wa kushoto, na kisu kinapita mbele ya kidole gumba, haraka, tena na tena, mboga zikianguka ndani ya mfuko. Mteja amesimama hapo. Ametoka kazini, miguu inamuuma, anaangalia mkono wako. Anataka nyembamba kama nyuzi. Ukimkatia nene anakuambia leo umempa kuni, na kesho humwoni. Sasa kisu kinene hakipiti hapo. Kinasukuma majani badala ya kuyakata. Na mpini wa vanishi, mkono ukishalowa maji ya mboga, unateleza, na kidole chako kinaondoka na sukuma ya mtu. Je, haya nilimweleza mume wangu? Hata siku moja. Nilimwambia tu kwamba visu vyake ni vya watalii, wakavipige picha.

Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu, kama vilivyofanya viwanda vingi wakati ule, na walianzia stoo. Alirudi na barua na kalamu zake mbili. Kuanzia siku hiyo kibanda changu ndicho kikawa mshahara wa nyumba, kodi na karo na unga, na kila mtu mtaani alijua. Asubuhi alitembea hadi Industrial Area kusimama kwenye mageti pamoja na wengine wanaotafuta kibarua. Mchana alirudi, akanywa maji, akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilitoka na magunia yangu nikamwacha na tupa yake, na nilirudi na magunia nikamkuta na tupa yake. Nilimdharau. Nilimdharau nikipika, nilimdharau nikifua mashati yake, na kanisani, tulipoambiwa tugeuke tumsalimie jirani, nilikuwa nikimpa mkono mtu wa upande wa pili.

Wakati huohuo msichana mmoja alifungua kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na changu. Alikuwa wa hapahapa, amezaliwa Dandora, ana mtoto mgongoni na hana mume wa kumwonyesha mtu. Sukuma alikuwa anazikata kama anayepasua magogo. Wateja waliokwenda kwake ni wale tu waliochoka kuvuka barabara. Nilimdharau naye pia, kwa raha zangu, maana hakunipunguzia chochote. Nilikuwa hata namvunjia noti kubwa za wateja wake ili aone ni nani mwenye biashara.

Halafu mume wangu akaanza kuja kibandani. Alifika kama saa kumi na moja, watu wanapoanza kurudi kazini, akakaa juu ya kreti ya soda karibu na miguu yangu, akatazama. Hakusaidia kupima viazi. Hakuwafungia watu nyanya. Alitazama mikono yangu, kichwa amekiinamisha upande, na mara nyingine akainuka kidogo ili aone vizuri ngumi ya kushoto. Siku ya pili aliniuliza kama kidole gumba kinaniuma jioni.

"Kinachoniuma kimekaa kwenye kreti," nikamjibu.

Siku ya tatu vijana wa steji ya matatu walikuja kununua nyanya. "Niaje mathe," mmoja akasema, "kwani siku hizi umeandika soja?"

"Huyu?" nikasema. "Huyu ni wa kuchunga nyanya zisitoroke."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mume wangu naye akacheka, polepole, akiangalia chini, akaokota jani la sukuma lililoanguka, akaanza kulikunja vidoleni. Alikuja siku tano mfululizo. Siku ya sita hakuja, nami nikasema moyoni kwamba mtu huyu amechoka hata kukaa.

Kisu cha mwisho alichokitengeneza maishani alikileta wiki iliyofuata, saa nane mchana, jua kali, amekifunga kwenye gazeti. Nilikifungua nikaona kibaya kuliko vyote. Hakikutokana na ule msumeno wa mviringo. Alikuwa amemwomba seremala mmoja msumeno wa mkono uliochakaa, bati lake jembamba linalopinda, na ndilo alilolikata. Kilikuwa kifupi, chembamba, ncha butu. Hakukisugua kikang'aa. Alama za tupa zilionekana ubapa mzima, na madoa ya kutu ya zamani aliyaacha yalivyo. Mpini haukuwa wa mpingo wala wa mti wowote wenye jina. Hakuupaka vanishi. Aliuzungushia mpira wa tyubu.

"Hiki ni chako," akasema.

"Hata kung'arisha umeshindwa siku hizi?"

"Kijaribu tu, mama watoto. Jani moja."

"Nina wateja."

Aliangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbwa mmoja kivulini na nzi juu ya ndizi zangu. Alikiweka juu ya ubao, akakunja lile gazeti vizuri, akalitia mfukoni, akaondoka. Miaka yote nilivicheka visu vyake kwa sababu ni vizuri na havifai. Alipoleta kibaya nilikicheka kwa ubaya, na sikujisumbua kuuliza kama kinafaa.

Haikupita saa moja yule msichana wa ng'ambo akavuka barabara mbio. Kisu chake kilikuwa kimekatika akibandua nacho ubao wa kreti, jambo ambalo ni yeye tu angelifanya.

"Mathe, tafadhali, niazime kisu. Hata ile mbaya. Jioni yangu itaenda hivyo tu."

Nikamnyooshea kile. "Chukua hiki. Usirudishe. Mzee wangu ndiye ametengeneza, ni cha kutupa."

Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, akanishukuru kupita kiasi. Nikaona nimewakomesha wote wawili. Yeye nimempa takataka, na mwenye takataka atajua inakokwenda kazi yake. Nilifurahi. Nilikaa pale nikimenya njegere, nikaimba hata wimbo wa kanisa.

Jioni hiyohiyo mkono wa msichana kule ng'ambo ulipopita mara ya pili mbele ya kidole gumba, nilijua. Huyo alikuwa msichana yuleyule, na mikono ilikuwa ileile ya kupasua magogo. Hakuwa amefundishwa kitu kati ya mchana na jioni. Lakini sukuma zilikuwa zinamwagika kwenye mfuko kama nyuzi za sweta iliyofumuliwa, bila kelele, bila yeye kuvuta pumzi. Aliacha kukata, akatazama kile kisu, akatazama mfuko, akacheka peke yake. Kisha akashika ngumi nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mteja wangu wa miaka minne, mama mwalimu aliyekuwa akinisalimia kwa jina la kifungua mimba wangu, alisimama mbele yangu na macho yakiwa ng'ambo. "Kwani yule anakata na nini?" akaniuliza. Siku ya pili hakusimama. Siku ya tatu foleni ilikuwa kule, watu saba, wanane, na mimi nilikuwa na wazee wawili na mtoto aliyetumwa majani ya dania. Kile kisu changu cha Gikomba, ambacho nilikuwa nikikiona panga la malaika, nilikinoa mara tatu kwenye ukingo wa saruji na bado kilikuwa kinanirarulia majani.

Barabara ile ilikuwa na upana wa hatua kumi. Ningevuka, nikamwambia msichana nilikosea, anirudishie. Angenirudishia, hakuwa na roho mbaya, roho mbaya ilikuwa upande wangu. Au ningekwenda nyumbani nikamwambia mume wangu anitengenezee kingine. Angeanza usiku huohuo, bila kuuliza swali. Hatua kumi, au maneno matatu. Nilikaa na njegere zangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi wangu ulishavimba hadi gotini, lakini nilikuwa bado naukalia nisiuonyeshe.

Wiki hiyo mume wangu alikuwa amepata kibarua cha kupakia mizigo, kwa hiyo hakupita pale hadi Ijumaa. Nilimwona akija kwa mbali, amechoka, vumbi la simiti kwenye nyusi. Alikuwa anakuja kwangu. Kisha akageuza kichwa upande wa foleni, akapunguza mwendo, akasimama. Mtu anaijua kazi ya mkono wake hata ikiwa mkononi mwa mwingine. Akavuka kwenda kule, akasubiri mpaka wateja wakapungua. Mimi sikuwa na kelele za biashara za kunizuia kusikia, nikasikia kila neno.

"Hicho kisu kinakata?" akamuuliza.

"Hii? Mzee, haki ya nani, sijawai shika kisu ka hii tangu nizaliwe. Haichoshi mkono. Haitelezi. Cheki." Akakunja majani, akayakata mara moja yote, akamwonyesha mfuko. "Mathe wa pale ndio alinipa. Alisema ni wewe umetengeneza. Mungu akubariki sana. Mtoto wangu anakula sababu ya hii kisu."

Mume wangu alisimama pale na mikono yake yenye simiti. Miaka saba alikuwa analisubiri neno hilo jikoni kwangu, na alikuwa amelipata barabarani, kwa mtu ambaye hakumjua hata jina. Nilidhani atanigeukia. Hakugeuka. Alikichukua kisu, akapitisha kidole makalini, akamweleza msichana jiwe la kunolea linavyotakiwa liwe, na kwamba asikiweke karibu na moto. Alimweleza kwa upole na kwa urefu, kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto wa kulea. Akamrudishia. Ndipo akavuka kuja kwangu, akabeba gunia la sukuma zilizobaki, na zilikuwa nyingi, tukaenda nyumbani.

Nilipika hizohizo. Nilizikata mwenyewe na kisu changu, nene, na mashina ndani. Watoto walikuwa wanatandika meza. Mume wangu alikuwa ananawa kwenye beseni, amenipa mgongo.

"Ulikijaribu?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyenifungulia mlango, nipite. Ningesema sikukijaribu, na hiyo ndiyo ingekuwa kweli. Ningesema nimeona kinavyokata, na hiyo nayo ingekuwa kweli. Mimi ndiye niliyejisifu kwamba katika mtaa mzima wa wanafiki ni mimi peke yangu ninayemwambia ukweli usoni. Nikamtazama mgongo, ule mgongo nilioudharau miaka yote ukiwa umeinama juu ya tupa, na aibu ikanijia. Nilijua ni aibu, na bado nikaimeza.

"Nilikijaribu," nikasema. "Kilikuwa butu."

Aligeuka akaniangalia muda ambao mtu anahitaji kujifuta mikono. Alijua, na alijua kwamba najua anajua. Akakitundika kitambaa msumarini.

"Sawa," akasema.

Akaketi, akasali, akamega ugali. Akachota sukuma zangu, akatafuna, mashina yakimkwaruza meno nikisikia. Akachota tena.

"Mboga leo ni tamu, mama watoto," akasema, na hakuwa ananicheka.